Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Kutazama Mara Mbili

Ndugu wanachama,

Katibu aliniomba nianze na hesabu, maana ndizo huulizwa kwanza. Hesabu ziko sawa, zimekaguliwa, na mhazini atazisoma mwenyewe nikimaliza. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo lililotugawa mwaka huu, sisi wapenzi wa filamu za makala na wa rialiti, yaani vipindi vinavyofuatilia maisha na mashindano ya watu halisi, hadi wengine wakafikiria kujitoa: je, tunachokitazama ni kweli?

Mnakumbuka lilivyoanza. Tulikuwa tumekaa kutazama Planet Earth II, mfululizo wa BBC wa mwaka 2016, tukafika kwenye yule iguana mchanga, aina ya mjusi, wa kisiwa cha Fernandina katika visiwa vya Galápagos. Ndiyo kwanza anatoka mchangani. Nyoka wanamwagika kutoka kwenye nyufa za miamba, naye anasimama tuli, hapepesi hata jicho, na nyoka wa kwanza anampita kando bila kumgundua. Kisha anachomoka. Wanamdaka, wanamzinga, anajifyatua, anakimbilia juu ya mwamba na kuokoka. Chumba kizima kilishangilia, watu wazima wamesimama. Makofi hayajaisha, mwanachama mmoja wa upande wa rialiti akasema: "Huyo si iguana mmoja."

Alikuwa sahihi. Mtayarishaji wa sehemu ile alieleza waziwazi kwamba mbio zile ziliunganishwa kutokana na picha za iguana zaidi ya mmoja. Wenzetu wa upande wa makala waliumia, na nilielewa kwa nini. Kwa miaka wamekuwa wakiwaambia wa rialiti kwamba vipindi vyao ni vya kupangwa, leo kisu kimegeuziwa wao. Maneno yaliyofuata wiki ile sitayarudia hapa.

Kamati haikutaka kutoa hukumu kwa jambo ambalo wengi wetu hatukulijua vizuri. Tukaanzisha utaratibu wa kutazama mara mbili: mara ya kwanza kama kawaida, mara ya pili sauti imezimwa, na mtu mmoja anahesabu kila picha inapokatwa. Nakiri kwamba sikutegemea mafanikio yake. Kumbe sauti ikiondoka, nusu ya hofu inaondoka nayo. Lenzi ndefu humvuta karibu mnyama aliye mbali sana, lakini kinasa sauti hakiwezi kumfikia hivyo. Kwa hiyo nyayo, mabawa na mifupa inayotafunwa mara nyingi hutengenezwa studio na fundi wa sauti mwenye viatu, vitambaa na majani makavu. Mwanachama mmoja alituletea mfuko wa wanga wa mahindi, akatuambia tufumbe macho, akaanza kuuminya polepole karibu na masikio yetu. Kila mmoja aliapa amesikia mtu anatembea kwenye theluji.

Baada ya hapo mazungumzo yalitulia. Tuliacha kuuliza kama kuna mkono wa mhariri, kwa sababu upo siku zote, tukaanza kuuliza mkono huo umefanya nini. Tuliweka mifano mitatu mezani. Wa kwanza ni iguana wetu. Wa pili ni Frozen Planet ya 2011, ambapo watoto wa dubu wa barafu waliozaliwa mbele ya kamera walikuwa kwenye hifadhi ya wanyama huko Uholanzi. BBC ilikuwa imelieleza jambo hilo kwenye tovuti yake, lakini msimulizi hakulitaja. Wa tatu ni White Wilderness ya Disney, ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar. Humo, panya wadogo wa nchi za baridi waitwao lemingi wanaonekana wakijirusha majini kwa makundi. Mwaka 1982 kipindi kimoja cha televisheni ya Kanada, CBC, kilifichua kwamba wanyama wale walisafirishwa hadi Alberta, mahali wasikoishi, wakasukumwa hadi ukingoni wakatumbukia.

Msimamo wangu niliusema siku ile na nauandika hapa ubaki kwenye kumbukumbu. Iguana wachanga wa Fernandina hukimbizwa na nyoka kweli. Mhariri alikusanya mikimbio kadhaa akaifanya mmoja. Dubu huzaa pangoni chini ya theluji, na kuingiza kamera mle kungehatarisha mama na watoto, ila msimulizi angetuambia kwa sentensi moja tu na tusingepungukiwa kitu. Lakini lemingi hawajiui. Filamu ile ilipanda uongo, na watu wangali wanausimulia hadi leo. Hivyo vitatu havilingani, na anayeviweka kapu moja anawaonea watengenezaji waaminifu.

Upande wa rialiti nao ulifanya kazi nzuri, pengine nzuri kuliko yetu sote. Walitufundisha kwamba katika vipindi vingi washiriki huambiwa wavae nguo zilezile kila siku ya mahojiano, ili maneno ya siku moja yaungwe na ya siku nyingine bila mtazamaji kugutuka. Walitufundisha kuvizia sentensi za kuungaunga, zile zilizochukuliwa nusu hapa na nusu kule. Uso wa msemaji unaondoka katikati ya sentensi, tunaonyeshwa jua linazama au mikono ya mtu mwingine, sauti inaendelea. Hapo tega sikio. Mara nyingi utasikia pumzi imekatika mahali isipotakiwa, au neno limeshuka kama mwisho wa sentensi na huku sentensi inaendelea. Chukueni pia hesabu ya Survivor ya kwanza ya Marekani, shindano la rialiti ambalo washiriki hutoana kwa kura, mwaka 2000: watu 16, siku 39, sehemu 13, yaani siku tatu kwa kila sehemu. Maana yake saa 72 za maisha ya watu zinabanwa ndani ya muda usiofika saa moja. Nani awe mbaya na nani awe mwema, mengi ya hayo huamuliwa kwenye chumba cha uhariri, washiriki wakiwa wameshafungasha na kurudi makwao.

Kulijua hilo hakukutuzuia kukosea, na hapa nasema kwa uchungu. Katikati ya msimu mmoja tuliokuwa tukiufuatilia pamoja, mshiriki mmoja alionyeshwa akimgeuka mwenzake aliyemwamini. Usiku uleule wanachama wetu watatu walimtumia ujumbe wa matusi, wakataja na jina la chama. Asubuhi nililetewa mmoja wa ujumbe huo. Nilishindwa kuumaliza. Kipindi kilirekodiwa miezi mingi nyuma; yule mtu alikuwa amekaa kwake akijitazama, hana anachoweza kubadilisha, na sisi tunamhukumu kwa dakika chache alizokatiwa na mtu mwingine. Tulimwandikia kumwomba radhi. Hakujibu, wala hakuwa na deni la kutujibu. Wawili kati ya waliohusika walikuja mbele ya kamati wakakiri, wa tatu alijiondoa. Kuanzia sasa, anayemtukana mshiriki kwa jina la chama hiki anasimamishwa uanachama siku hiyohiyo. Naomba mkutano uipitishe kanuni hiyo bila kuipunguza makali.

Nadhani ni kwa sababu ya doa hilo kwamba mfululizo wa Up ulitugusa kiasi kile. Tuliutazama wote, filamu tisa kwa wiki tisa. Ulianza mwaka 1964 Uingereza na watoto 14 wenye umri wa miaka saba, wakarudiwa kila baada ya miaka saba hadi 63 Up ya 2019. Michael Apted, aliyeanza kama mtafiti kijana wa filamu ya kwanza, ndiye aliyeongoza zote zilizofuata, na alifariki Januari 2021. Tulimwona Neil, mtoto mchangamfu wa miaka saba, akiwa na miaka 28 hana makazi huko Scotland, na baadaye diwani aliyechaguliwa na watu. Wiki ile ya 28 Up hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.

Ila kilichonikaa zaidi ni Tony, mwingine kati ya watoto wale. Katika filamu ya miaka 21, Apted alimzungusha kwenye mitaa ya wahalifu ya London mashariki, kwa sababu alidhani kijana yule ataishia jela na alitaka picha za akiba. Tony akawa dereva wa teksi, akaoa, akalea watoto. Apted alikiri hadharani kwamba alikosea, kama alivyokiri kujutia kuchagua wasichana wanne tu kati ya wale 14. Huyu aliwafahamu watu wake kwa zaidi ya nusu karne, na bado aliwahi kumsoma mmoja wao vibaya. Sisi tunataka kumjua mtu kwa msimu mmoja.

Mengine kwa ufupi. Kanuni ya kutofichua nani ametolewa kabla wengine hawajatazama imeheshimiwa, isipokuwa mara moja, na aliyeteleza aliomba radhi. Wanachama wapya wameongezeka, wengi wao vijana wa rialiti, nao wanahitaji nafasi kwenye kamati. Kiti kimoja kiko wazi, jazeni majina.

Mwaka ujao tunaanza na Nanook of the North ya 1922, filamu ya makala kuhusu Wainuiti, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, ambayo mhusika wake mkuu kwa jina halisi aliitwa Allakariallak, na ambamo nyumba ya theluji ilijengwa nusu ili mwanga uifikie kamera. Tutaitazama mara mbili. Baada yake, kwa ombi la upande wa rialiti lililoungwa mkono na upande wa makala wote, ni ule msimu wa kwanza wa Survivor, mwanzo hadi mwisho. Mapendekezo ya kipindi cha tatu yamfikie katibu kabla ya kura za leo jioni.

Namkaribisha mhazini.