Kabla ya kuchangia kadi ya sataranji, tuiulize LUKU

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu kwamba vijana wa Tanga hawatajinoa kwenye sataranji mpaka wachangiwe kompyuta yenye kadi kubwa ya grafiki, kwa kuwa programu za siku hizi zinatumia mitandao ya neva, yaani hesabu za kompyuta zinazojifunza kwa mazoezi. Mimi ni fundi redio na kompyuta hapa Ngamiani, na kila jioni kibarazani kwangu hukaa watoto sita na mbao mbili za sataranji. Naomba nami nitie neno.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kutoka Dar na mashine yenye RTX 3090, kadi ya grafiki iliyoingia sokoni mwaka 2020 kwa dola 1,499. Tukaiwekea Leela Chess Zero, programu ya sataranji yenye mtandao mkubwa wa neva, nami nikapachika mita yangu ya wati kwenye plagi. Ilipotulia ilisoma 80 hivi. Alipoiambia ichambue, feni zikavuma kama mashine ya kusaga, namba ikapanda 300, 400, ikagota 450. Mama watoto akachungulia kutoka jikoni: "Mnachomelea mageti humo?"

Kisha tukawasha laptopu yangu ya mtumba yenye Stockfish, programu nyingine ya sataranji, isiyohitaji kadi ya grafiki. Wati 30, kioo kikiwemo.

Kwangu umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa elfu kumi ni uniti kama 28. Mashine ya mpwa ikichambua usiku na mchana, uniti hizo hazimalizi siku ya tatu. Laptopu inakwenda nazo siku 38.

Leela si mbovu, nisieleweke vibaya. Imefuata njia ya AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind ya Google, ambayo mwaka 2017 ilipima mipangilio ya kete ubaoni 80,000 kwa sekunde, Stockfish ya wakati ule ikipima milioni 70, na katika michezo 100 ikashinda 28 bila kufungwa hata mmoja. Ila ilicheza kwa chipu 4 maalumu za Google, na ili ijifunze zilitumika 5,000 kuchezesha michezo ya mazoezi. Hizo wasifiaji huwa hawazitaji.

Stockfish nayo ina mtandao wa neva tangu toleo la 12, Septemba 2020, mtindo uitwao NNUE aliouanzisha Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Ni mtandao mdogo, na ujanja wake anaujua kila muuza duka: ukiongeza nusu kilo ya sukari hajumlishi bidhaa zote upya, anaongeza bei ya sukari tu. Farasi akihama, programu inatoa alipokuwa na kuongeza alipokwenda, mengine inayaacha yalivyo. Kazi hiyo prosesa ya kawaida inaiweza.

Michango ikipatikana, inunue mbao na saa za mchezo. Watoto sita kwa mbao mbili ni ugomvi kila siku.

Na huyo msomaji namkaribisha barazani na kadi yake. Kahawa ipo. Uniti aje nazo mwenyewe.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga