Kwenu mliokutwa na H. pylori na sasa hamlali

Wanangu,

Barua hii ni yenu mliokwenda kupima kwa sababu ya kiungulia au tumbo kujaa gesi, mkaambiwa mna H. pylori, bakteria anayeishi tumboni, mkapewa dozi, na tangu siku hiyo hamjatulia. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi nikastaafu, na bado watu huniletea karatasi zao za majibu niwasomee. Karatasi nyingine imekunjwa na kukunjuliwa hadi inachanika kwenye mikunjo. Mwenye nayo anajua kilichoandikwa, ila anataka kusikia mtu mwingine akimwambia kwamba hafi.

Kwanza tumjue huyu mdudu. Kwa makadirio yaliyotumika miaka mingi, karibu nusu ya watu duniani wamewahi kuishi naye, na wengi wao hawajawahi kuumwa chochote. Kwa kawaida mtu humpata utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumbani kwake. Maana yake ni kwamba siku uliyopewa majibu siyo siku uliyompata. Alikuwemo ulipokuwa unacheza, unasoma, unafanya kazi, na hukuwa na habari naye. Kilichobadilika siku ile ni kwamba umejua.

Neno linalowanyima usingizi nalijua: saratani. Sitawaficha, maana mmeshalisoma. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimweka bakteria huyu kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kati ya watu 100 wenye bakteria huyu, wanaokuja kupata saratani ya tumbo maishani hawazidi 3 hivi, kwamba safari hiyo huchukua miaka mingi, na kwamba kumtibu hupunguza hatari. Mtu akisoma sentensi ya kwanza na kuziacha zinazofuata, atalala macho wazi.

Wapo wanaoniambia wanajisikia kama wamemeza sumu. Hao huwa nawasimulia habari za Barry Marshall, daktari wa Australia ambaye pamoja na mwenzake Robin Warren walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo vinatokana na bakteria huyu. Watu hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akachukua mchuzi wa maabara uliojaa hao bakteria, akaunywa. Baada ya siku chache akaanza kutapika, tumbo likavimba kwa ndani, akatumia dawa, akapona. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel. Alimnywa kwa makusudi, na zaidi ya miaka ishirini baadaye alisimama mzima kupokea tuzo.

Sasa dozi. Mara nyingi ni siku 14: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Ni dozi inayochosha, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma, kichefuchefu kinakuja, choo kinakuwa laini. Ukipewa dawa yenye bismuthi, madini yanayowekwa kwenye baadhi ya dozi hizi, choo na hata ulimi vinaweza kuwa vyeusi, na mtu aliyekwisha kutishika akiona hivyo usiku anajiona anavuja damu. Muulize mapema anayekupa dawa: nitegemee nini, na kipi kikitokea nirudi? Ukitokwa na vipele mwili mzima, ukivimba uso au ukapumua kwa shida, nenda hospitali papo hapo. Yale mengine ya kukera tu, mweleze daktari, lakini usiikatishe dozi katikati kwa uamuzi wako. Dozi nusu inaweza kumwacha bakteria akiwa sugu zaidi, yaani dawa isimwue tena.

Kuhusu kurudia kupima, naomba mnisikilize vizuri, maana nimeona machozi mengi yasiyo ya lazima. Kipimo cha kujua kama umepona hufanywa angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki, na dawa ya asidi husimamishwa wiki 2 kabla, kwa maelekezo ya daktari. Kinachofaa ni kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, hakifai kwa kazi hiyo: kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa miezi au hata miaka baada ya bakteria kuondoka, kama kovu linavyobaki baada ya jeraha kufunga. Mtu anapona, anapima damu, anaona chanya, anameza dozi ya pili na ya tatu, na kila dozi inamchafua tumbo upya.

Halafu kuna hili ambalo dawa za bakteria haziligusi. Tumbo na ubongo vinawasiliana kwa mishipa ya fahamu muda wote. Ukiwa na hofu, tumbo linabana, asidi inaunguza, moyo unadunda, hamu ya kula inakwisha. Unapunguza chakula kwa sababu kila ulichoulizia umeambiwa ni hatari. Baada ya wiki chache mkanda wa suruali unaingia tundu jingine. Unaushika, unautazama, unasema: nimekonda, kumbe ni ile saratani. Kumbe umekonda kwa sababu huli, na huli kwa sababu unaogopa. Nimewaona watu wamefika hapo ilhali bakteria wameshaisha.

Tuliambiwa tangu utotoni kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi hamfichi. Ninyi mnayatafuta asubuhi na jioni: mnabonyeza tumbo, mnachungulia ulimi kwenye kioo, mnauliza simu saa nane za usiku. Ukibonyeza tumbo mara nyingi kwa siku, litauma kwa kubonyezwa. Na jibu la simu hutuliza kwa dakika chache tu, kisha swali linarudi na jingine.

Kwa hiyo chagua daktari mmoja na ubaki naye. Maswali yanayokujia usiku yaandike kwenye daftari, umpelekee siku ya miadi. Mengi utayafuta mwenyewe kabla ya siku hiyo. Jipe muda maalumu wa kuwaza, tuseme nusu saa jioni, na wazo likija kabla ya muda wake liambie lisubiri. Mwanzoni haliambiliki, ila huzoea. Hofu ikipanda ghafla, vuta pumzi taratibu kisha itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, hadi mabega yashuke. Kula kadiri daktari alivyokuruhusu. Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usizinunue kiholela, hizo zinachubua tumbo kweli.

Dalili za kukupeleka hospitali bila kungoja miadi ni hizi: kutapika damu, choo cheusi kama lami wakati hutumii bismuthi wala dawa ya kuongeza damu, chakula kukwama kooni, kutapika kusikokoma, kukonda ilhali unakula vizuri. Zibandike ukutani. Nje ya hizi na zile za dawa nilizozitaja juu, mengi yanaweza kusubiri miadi.

Na kama umemaliza dozi, kipimo sahihi kimesema bakteria hayupo, na bado siku yako nzima inaliwa na hofu, mwambie daktari maneno hayo hayo: ninaogopa, nashindwa kufanya kazi, nashindwa kulala. Hofu ya ugonjwa ni maradhi yenye tiba yake. Kuna tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzikabili fikra hizi na kuacha mazoea yanayozilisha, na wakati mwingine dawa huongezwa. Kuomba msaada huo hakumaanishi maumivu yako ni ya kujitungia. Tumbo linauma kweli, hata kipimo kikiwa safi.

Ninyi mnaoishi nao, msiwacheke wala msiwakemee. Akikuuliza kwa mara nyingine jioni ile ile kama ana saratani, usiape kwamba hana, maana kesho atahitaji kiapo kingine. Mwambie: naona hofu imekubana, swali hili tuliandike kwa ajili ya daktari. Kisha mtoke mkatembee kidogo, na njiani mzungumze mambo mengine.