Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: gesi tunayo, sasa tuyaangalie maji

Asalaam aleikum ndugu wanachama, wazee wetu na mama zetu wote wa Langoni. Mwaka umeisha, alhamdulillahi, na lile tanki tulolizika nyuma ya vyoo vya chama latoa gesi, mama anayetupikia mahamri asubuhi anaitumia, makaa ameweka akiba tu ya siku gesi ikipungua. Walokuwa wanaona uzito juu ya unajisi tuliongea nao kwa upole, hakuna alolazimishwa.

Kinachofanyika mle ndani ni kwamba uchafu wa choo pamoja na mavi ya punda unafungiwa pasipo hewa, vijidudu vinaula na kutoa gesi, na kama asilimia 60 ya gesi hiyo ni methani, ndo inayowaka. Nchi za baridi inabidi wachome sehemu ya gesi yao kulipasha tanki, maana vijidudu hivi vyapenda joto la digrii 35 hivi, sisi Lamu karibu joto lote twapewa bure.

Shida hazikukosa. Mavi ya punda yana nyuzi nyingi, yanaelea na kufanya utando mgumu juu, kwa hivyo vijana wakoroga kila siku. Halafu kuna mtu alimwaga dawa kali ya kuoshea choo ndoo nzima, vijidudu vikafa, tukakaa karibu wiki tatu bila moto, jamani nawaomba, sabuni kidogo na brashi yatosha. Na bomba la chuma alotuwekea fundi wa kwanza limeliwa, ile gesi yenye harufu ya yai viza ndo inayokula chuma, tumeweka la plastiki.

Sasa lile lilotugawa mkutano ulopita. Wengi mlisema gesi ishapatikana, yale mabwawa ya maji ya kijani ya nini, pesa zaenda bure. Ndugu zangu, tanki halimalizi kusafisha maji. Vijidudu vinakula kaboni, lakini nitrojeni na fosforasi, ndo ile rutuba ya mbolea, karibu yote inabaki kwenye maji yanayotoka. Tukiyaachia mferejini yaenda baharini, tukiyaachia mchangani yaenda visimani, na visima vya mji huu vilivyo karibu na vyoo sote twajua. Rutuba ikizidi baharini mwani unatanda juu ya matumbawe, unayanyima mwanga, samaki wanahama na mvuvi wa hapa ndo wa kwanza kuumia.

Kwa hivyo ule ukijani wa mabwawani, mwani mdogo mno kama ule unaotanda birikani, twaufuga wenyewe kabla haujajifuga baharini. Unakula hiyo nitrojeni na fosforasi, jua laupa nguvu, na unatoa oksijeni ambayo vijidudu vingine vyaitumia kumalizia uchafu ulobaki. Si jambo la jana, William Oswald wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley alilifanyia kazi tangu miaka ya 1950, mabwawa yenye kina kifupi na maji yanayozungushwa taratibu, ndo maana yetu hayazidi sentimita 30, jua lifike chini. Mwanzo tulikosea tukamimina maji ya tanki matupu, amonia iliyojaa humo ikaua ukijani wote, sasa twayachanganya na maji ya kutawadhia, kwa ruhusa ya kamati ya msikiti, na nawashukuru sana.

Kazi ngumu ni kuvuna, vitu vyenyewe vidogo mno, kitambaa hakivishiki, twauacha utuame usiku kisha twachota tope la chini. Tope hilo ni la minazi na mipapai tu. Mchicha hapana, hapana kabisa, mayai ya minyoo hayafi kwa joto la tanki kama letu na sitaki mtoto wa mtu augue kwa ajili yetu.

Ombi langu ni moja, tuongeze mabwawa mawili kabla ya masika. Mwaka huu mawingu yalipokaa ukijani ulififia, maji yakatoka bado machafu siku kadhaa, na hilo ndo liloniumiza kuliko yote. Hesabu mhazini atazisoma mkutanoni, Ijumaa baada ya Isha inshallah.