Babu yako alipanda pantoni

Kimara, Jumapili usiku

Marahaba, mwanangu. Shikamoo zako nimezifikisha. Babu kachukua mbili, anadai ya mwaka jana haikumfikia. Yeye na Bibi waliingia Jumatano, wakashuka stendi ya Mbezi miguu imewavimba. Kilomita 1,400 hivi kutoka Bukoba si mchezo kwa mtu wa miaka 74. Bibi kaja na mikungu miwili ya ndizi, utadhani Dar hakuna soko, na kopo la senene ambalo habari zake nitakupa mwishoni.

Jana tulikwenda Kigamboni, sote saba: wazee wawili, mimi na mama yako, shangazi yako na wadogo zako. Mpango wa mama yako ulikuwa tukodi gari tupite darajani Kurasini, ili Babu asisumbuke. Unajua alivyo na vyombo vya majini. Au pengine hujui vizuri, maana kwetu jambo hili halisemwi mbele ya watoto. Umeshakuwa mkubwa, acha nikusimulie.

Mdogo wake, yule aliyevaa bugaluu kwenye picha ya sebuleni Bukoba, alikuwemo ndani ya MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria. Ilikuwa Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, safari imebakisha kidogo tu kufika Mwanza. Mimi nilikuwa na miaka 13. Meli ilikuwa ya abiria 430, lakini waliokuwemo siku ile ni wangapi hakuna aliyejua kwa hakika, kwa sababu wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Babu alikwenda kumtafuta, akakaa siku tisa, akarudi mikono mitupu. Alisema neno moja tu mlangoni, "Wengi wamezikwa Igoma," akaingia ndani. Toka hapo hakupanda hata mtumbwi. Mwanza yenyewe hakukanyaga tena, maana hata mabasi ya kwetu yalikuwa yanavuka Busisi kwa kivuko. Daraja la pale limefunguliwa Juni 2025, naye bado anasema ataliangalia kwanza wenzake wakilipita.

Basi jana asubuhi mama yako anafunga hotpoti la ndizi na utumbo kwa kanga, Babu akauliza, "Watu wa hapa wanavukaje?"

Nikamwambia kwa pantoni, na kwamba sisi tuna gari.

"Tupite wanakopita watu."

Hakuna aliyemjibu. Bibi alimtazama mara moja, akaendelea kupuliza chai yake.

Tukapanda mwendokasi mpaka Kivukoni. Pale Feri unapajua: harufu ya samaki, matoroli ya madafu, akina mama na ndoo zao, na ule umati unaosimama nyuma ya geti kama unasubiri mpira uanze. Geti likafunguliwa, tukasukumwa mpaka ndani. Mimi nilimshika Babu kiwiko, akakiondoa. Akainua macho juu kwenye maboya, kisha akamwita kijana mmoja mwenye sare.

"Mwanangu, humu mnapakia watu wangapi?"

"Wanaotosha, mzee."

Jibu lile halikumkalia vizuri. Akaanza kuhesabu mwenyewe, kumi kumi, kama alivyokuwa akihesabu wanafunzi mstarini, kidole kikitembea hewani na midomo inachezacheza. Watu wakadhani anaombea chombo. Mama mmoja karibu yangu akaitikia amina. Akafika 340, mlango wa chuma ukashushwa upande wa pili na watu wakaanza kumwagika. Hata dakika kumi hazikufika.

"Ndiyo basi?" akauliza. Nikamwambia ndiyo basi. Akaonekana kama mtu aliyepunjwa. Ila kabla ya kushuka alitoa kahawa yake ya kutafuna mfukoni, akampa yule mama wa amina punje tatu.

"Hii dawa ya nini, babu?"

"Ya kusalimiana."

Tulichukua bajaji mbili mpaka Mjimwema. Tulifika saa nne, maji yamekupwa, mchanga unang'aa hadi mbali. Bibi akachagua mahali pazuri kabisa pa kutandika mkeka, karibu na maji, ili watoto wanawe mikono kirahisi. Shangazi yako akasema bahari itarudi. Bibi akamwambia amezaliwa ziwani, maji anayajua. Kosa ni langu, mimi ndiye mwenyeji wa pwani na nilikaa kimya, hotpoti limenifumba mdomo.

Tukala. Ndizi, mihogo ya kukaanga ya pale pale, changu mmoja mkubwa aliyechomwa, madafu. Babu alichota maji ya bahari kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena. Saa nane sote tumelala. Ilikuwa bamvua, mwanangu. Nilishtushwa na kelele za mama yako, mkeka unaelea upande mmoja, mdogo wako wa mwisho amelowa mgongo, na kandambili moja ya Bibi inaondoka zake taratibu kuelekea Zanzibar. Bibi alisimama akaiangalia hivi, mkono kiunoni. "Ziwa letu halina tabia hii," akasema. Amerudi Kimara amevaa viatu vyangu.

Jioni pantoni ilikuwa imejaa zaidi, na Babu hakuhesabu umati. Alituhesabu sisi. Saba wakati wa kupanda. Tulipogusa Kivukoni akatusimamisha pembeni ya njia, watu wanatupita na kutusonya, akahesabu tena: sita.

Sijawahi kumwona baba yangu akiwa na uso ule. Aligeuka akarudi kwenye chombo, anapingana na watu wote wanaoshuka, kofia imedondoka, anaita jina la mdogo wako. Nikamfuata, sikumfikia. Mtoto alikuwa nyuma ya toroli la madafu, kachuchumaa, anaangalia kaa aliyefungwa kamba. Nilitarajia kofi. Babu alimshika mkono tu, juu kidogo ya kiganja, akashuka naye. Kwenye mwendokasi hakumwachia. Tulipofika Kimara mtoto akaomba kujikuna, akaambiwa atumie mkono mwingine.

Asubuhi hii nimemkuta barazani anamuuliza shangazi yako kama kuna pantoni siku za Jumatatu.

Sasa kuhusu senene. Kopo limefungwa na plasta, nalituma na hela yako ya matumizi kwa mzazi wa mwenzako anayekuja kuwatembelea Jumamosi. Bibi amewakaanga upya na chumvi kidogo. Walikuwa wamejaa mpaka juu. Nusu iliyopungua, muulize mama yako.

Baba