Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, hamjambo.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Vikao vya kamati vilifanyika vyote, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atawasomea, na ada bado zinachelewa kama mwaka jana. Muda wenu nauomba kwa jambo moja: nyaraka za uchumi wa buluu, yaani uchumi unaotegemea bahari, maziwa na mito, ambazo ndizo zilizotukesha mwaka huu.

Mnakumbuka Novemba 2018, wageni walipofurika hapa Nairobi, pale kwenye jumba la mikutano la KICC, kwa kongamano la uchumi endelevu wa buluu, Kenya ikiwa mwenyeji pamoja na Kanada na Japani. Tangu hapo maneno hayo yameingia kila mpango wa serikali. Nyaraka zilizotufikia sisi wafasiri zote zilikuwa za Kiingereza, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Jina lenyewe lilitugawa. Wenzetu kadhaa walishikilia "uchumi samawati", neno lililozoeleka katika taarifa zetu za habari. Mimi niliunga mkono "uchumi wa buluu", kwa sababu Zanzibar wana wizara nzima kwa jina hilo, na si vizuri bahari moja kuwa na majina mawili ng'ambo hii na ile ya mpaka. Hata hivyo rangi haisemi yote. Sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Kenya hutoka maji baridi, hasa Ziwa Victoria, na msomaji wa Homa Bay hana sababu ya kujua kwamba buluu hiyo inamhusu yeye pia.

Lakini kilichonikaa moyoni ni Jumamosi moja tuliyoimaliza juu ya sentensi moja. Waraka ulisema eneo fulani la pwani lina utajiri ambao haujatumiwa. Tuliandika hivyo hivyo, tukaridhika. Kisha mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kwale, akampigia mjomba wake mvuvi kule Gazi na kumsomea. Mzee akauliza, "Haujatumiwa na nani?" Akaanza kuhesabu: hapa hutegwa malema, pale maji ya bamvua yakipwa wanawake huenda mwambani kuchokoa pweza, kule huegeshwa ngalawa wakati wa kusi. Simu ilikuwa mezani, spika imewashwa, na hakuna aliyeandika neno kwa muda mrefu.

Ndugu zangu, sentensi ile ilikuwa imewaondoa watu baharini kabla hata ya mradi kuanza. Na Kiswahili chetu nacho, tusipokuwa waangalifu, kinasaidia. "Maeneo yatatengwa", "wavuvi watahamishwa", "manufaa yatagawanywa": kauli ya kutendwa inapita ulimini vizuri, na mtendaji hajulikani. Mwaka huu tulikubaliana kwamba kila tukikutana na kitenzi cha namna hiyo, tumwandikie mwenye waraka tumuulize: nani atatenga, nani atahamisha? Ofisi moja ya umma ilitujibu kwamba kazi yetu ni kutafsiri, si kuuliza maswali. Sikubaliani nayo, na nitaendelea kuuliza.

"Wadau" nalo limetusumbua. Limewameza pamoja kampuni ya meli, benki, mwenye hoteli na mama karanga anayekaanga samaki pwani, kana kwamba wote wana sauti sawa. Wazee walishasema dau la mnyonge haliendi joshi. Tukiweza kusema "wavuvi", "wachuuzi", "wawekezaji", tuseme hivyo.

Msidhani haya ni ya makamusi tu. Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Miongoni mwa haki zilizoonekana kukiukwa ni haki ya kupata habari. Utashirikishwaje katika jambo ambalo hujasomewa kwa lugha yako?

Yapo pia ya kutia moyo. Kwa sehemu ya bahari ambayo jamii imeifunga isivuliwe, waraka mmoja ulitupa maneno sita ya Kiingereza. Wavuvi wa pwani wana neno moja: tengefu. Kuruwitu, kule Kilifi, wamelitunza tengefu lao kwa zaidi ya miaka 15, na samaki wamerudi. Tuliliingiza katika tafsiri bila maelezo, na mhariri wa upande wa pili akalipitisha.

Rasimu ya faharasa yetu ya istilahi hizi iko mezani kwa katibu, kurasa 40. Naomba kila mmoja achukue nakala, na wenye jamaa pwani au ziwani wawasomee kabla ya kikao cha mwezi ujao. Muanze na ukurasa wa "wadau".