Mchanga wenye maji haushindiliwi kwa rola

Mhariri,

Tangu tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lililofikia ukubwa wa 5.9, mjadala wa ujenzi salama umekuwa wa matofali, nondo na renta. Ni sawa, ila anayepandisha ghorofa kwenye mchanga wa kando ya ziwa au bahari aanze chini zaidi ya hapo.

Mchanga uliolegea ukitikiswa, punje zake hutaka kusogeleana. Kama umejaa maji, maji hayo hayawahi kutoka. Shinikizo lake hupanda, punje huachana na ardhi hugeuka uji. Katika tetemeko la Niigata, Japani, Juni 16, 1964, majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama, moja likalala kabisa, na kuta zake hazikuvunjika. Nondo hazikuwa na kosa.

Ripoti ya udongo inayotaja uwezo wa kubeba mzigo peke yake haijajibu kama mchanga huo utageuka uji ukitikiswa. Nyundo ya kilo 63.5 idondoshwe kutoka sentimita 76 ili kuzamisha bomba la kupimia ardhini, mapigo yahesabiwe kwenye sentimita 30 za mwisho kati ya 45, na kipimo kirudiwe kila mita moja na nusu hadi kina cha mita 15 au 20. Kina cha maji kiandikwe, na kiwe cha masika, si cha kiangazi. Mchanga safi wenye mapigo zaidi ya 30, yakisharekebishwa kwa nguvu ya nyundo na kwa kina, kwa kawaida hauna hofu. Wenye mapigo 8 au 10 chini ya maji lazima utibiwe.

Hapa ndipo tunapokosea. Rola hukaza tabaka la juu tu. Ugonjwa uko mita nne, sita, nane chini. Uzito wa tani 15 ukidondoshwa kutoka mita 20 hukaza mchanga hadi mbali chini: zidisha namba hizo, chukua kipeuo cha pili, gawa kwa mbili, unapata karibu mita 8.7. Lakini usithubutu kufanya hivyo penye nyumba ya jirani, utampasulia kuta. Mtambo wa kutetemesha unaozamishwa ardhini hufaa kwenye mchanga safi. Vumbi laini likizidi takriban asilimia 15, maji hayatoki upesi na mtetemo hausaidii kitu; hapo zichimbwe nguzo za kokoto, mita 1.5 hadi 3 kutoka moja hadi nyingine. Kokoto iwe imeoshwa, kwani yenye tope huziba njia ya maji ambayo nguzo iliwekwa kuifungua. Kazi isiishie kwenye ukuta wa nje pia: ivuke kwa nusu ya kina kilichotibiwa, la sivyo ardhi ya pembeni italegea na kuachia msingi ubavuni.

Kisha ipimwe tena, na si siku ileile. Shinikizo la maji liachwe lishuke, wiki moja au zaidi, halafu kipimo kiwe katikati ya nguzo, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Kupima ubavuni mwa nguzo kunatoa namba nzuri zisizo na maana.

Tunaomba halmashauri zidai majibu ya kabla na ya baada yawe kwenye faili la kibali kabla ya zege la msingi. Likishamwagwa, mtambo wa kupimia hauna pa kupita.

Wahandisi wa udongo,
Dar es Salaam