Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: tuwekeeni utaratibu wa pete za mguuni tufuge chiriku kihalali

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Rau, Moshi. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, ndege nawafuga kwa mapenzi tu, na naandika wazi hivi kwa sababu tupo wengi tunaokaa kimya tukiogopa kuitwa majangili.

Mwaka jana wakati wa mvua nilimkuta dogo mmoja pembeni ya soko ana boksi la sabuni amelitoboa matundu, ndani chiriku saba, vile vindege vidogo vinavyokula mbegu, manyoya yamegandana na ulimbo, wengine hata macho hawafungui. Nikamuuliza umewatoa wapi akasema mashambani huko chini, alfajiri walikuwa kumi na wawili. Sikumgombeza, maana na mimi utotoni nimechemsha sana utomvu nikapaka vijiti, ndo michezo yetu ilikuwa hiyo. Nikamwomba anipe akanipa, usiku kucha mimi na mama watoto tunawafuta kwa mafuta ya kula na maji ya vuguvugu, asubuhi wamebaki wawili. Mmoja alipona akaruka zake, mwingine bawa lilishaharibika.

Huyo wa bawa nikampeleka ofisi moja ya serikali nikiamini nafanya jambo sahihi. Nikaambiwa kindege kidogo hivi cha nini, mwachie tu. Nikasema haruki, nikimwachia analiwa na paka leo leo, basi nipeni kibali nimtunze. Hapo ndo nikaulizwa nina ekari ngapi za shamba la wanyamapori! Mheshimiwa, mimi nina uwanja wa nyuma ya nyumba wenye mgomba na parachichi. Nikarudi nyumbani na ndege kwenye kapu, akaishi siku kumi na moja.

Sasa nieleze kwa nini naamini hili jambo linawezekana. Nina miaka sita nafuga kanari, wale wa kizungu, ambao asili yao ni visiwa vya Canary kule Hispania na wamezalishwa bandani zaidi ya miaka 400, leo anayetaka kanari hana haja ya kwenda porini kutega. Ni wa ukoo mmoja na chiriku wetu, mbegu wanakula zile zile, ulezi na mtama, na ulezi hapa Uchagani sio wa kutafuta. Jike anaatamia peke yake wiki mbili hivi, dume anamlishia pale pale kwenye kiota, vifaranga wakitoka unawaongezea yai la kuchemsha na mboga mbichi. Chiriku yeye nadhani angefurahia na kumbikumbi juu yake.

Shida kubwa sio chakula, ni maadui. Waya wa kuku haufai hata kidogo, matundu ni makubwa, panya anaingia na nyoka anaingia, mimi nilifunga wavu wa kuanikia kahawa na tangu hapo nalala. Siafu ndo walinifundisha adabu, usiku mmoja walipanda nguzo wakamaliza viota viwili, vifaranga walikuwa bado hawajaota manyoya, asubuhi nakuta mama yao amesimama pembeni ya kiota kitupu. Mpaka leo nguzo zote zimesimama ndani ya makopo ya oili chafu, na majivu nazungushia kila mvua ikikata.

Na kuna kitu kinaitwa pete iliyofungwa, yaani kipete kidogo cha alumini kisicho na mwanya, kimeandikwa mwaka na namba. Kinavishwa kifaranga akiwa na kama siku sita hivi, unapitisha vidole vitatu vya mbele, halafu cha nyuma unakichomoa taratibu, baada ya siku chache mguu umenenepa, pete haitoki tena mpaka uikate. Kwa ndege mkubwa aliyekamatwa kwa ulimbo haiingii kabisa. Kwa hiyo mkaguzi wako akija bandani haulizi maneno mengi, anaangalia mguu tu.

Najua hofu ya serikali inatoka wapi. Twiga waliopandishwa ndege pale uwanja wa Kilimanjaro (KIA) 2010 wakatoroshwa nje ya nchi tunawakumbuka wote, na serikali ilipokuja kusimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016 mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Wale kasuku wadogo wa Serengeti wenye uso mwekundu walikamatwa kwa wingi mno miaka ya 1980 wakapelekwa ng'ambo, leo huko wanazaliana vibandani kama kuku, sisi wenye nao tukabaki na hasara ya porini. Siombi kusafirisha hata unyoya. Sheria ya wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na ibaki hivyo hivyo hata kwa kifaranga atakayezaliwa kwangu.

Ninachoomba ni leseni ya mfugaji mdogo, ya banda moja, aina moja au mbili za ndege wala mbegu, pete zitoke kwenu zikiwa na namba, na daftari la vifo na vizazi likaguliwe. Wazazi wa kuanzia wasitoke porini, watoke kwenye wale mnaowakamata kwa walanguzi ambao mabawa yameshaharibika na kuwaachia ni kuwaua. Wataalamu tunao hapa hapa, TAWIRI, ile taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wapo Arusha, Chuo cha wanyamapori cha Mweka kipo juu yetu hapa, watuandikie masharti hata yakiwa makali. Na waandike pia nani haruhusiwi kabisa, mfano chozi, yule anaishi kwa maji ya maua na wadudu, kumweka kwenye tundu ni kumuua njaa, mtu akikutwa naye mfungieni leseni siku hiyo hiyo.

Masika huku kwetu yanaanza Machi na chiriku wanajenga wakati huo. Nimetenga chumba kimoja cha banda, kipo kitupu, daftari nimeshalichora mistari. Afisa wako akipita Moshi siku yoyote afike aangalie, hata bila kunipigia.

Wako,
Mfugaji wa ndege, Rau, Moshi